Mwenyekiti Asiyeketi

Kila mwanafunzi wa mofolojia anajua kwamba neno mwenyekiti limeundwa kwa mwenye na kiti. Anayetaka kuona kasoro ya fasili hiyo na azuru baadhi ya nyumba za Kangeta, katika nchi ya miraa kule Igembe, Meru.

Sebuleni yamepangwa makochi yaliyonunuliwa kwa fedha za miraa. Yamevikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono, vikanyooshwa kama sare za askari wa gwaride. Mtoto akiyasogelea hukemewa. Mama mwenye makochi hupita kando, akaelekea jikoni kuketi juu ya kigoda kando ya mafiga, moshi ukimtoa machozi. Makochi yanamngoja mgeni. Mgeni naye ajapo, huketi ukingoni kwa kuchelea kuvuruga vitambaa!

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Hawakunena kwamba mwenyeji apewe kigoda maisha yake yote. Ukarimu ni sifa njema, lakini ukarimu unaomsahau mwenye nyumba una walakini. Kinachohuzunisha ni kwamba wapo akina mama wanaoyakalia makochi yao kwa mara ya kwanza siku ya kupokea rambirambi.

Kitambaa kikichafuka hufuliwa kikatakata, miaka haifuliki. Basi mama wa Kangeta na akikalie kiti chake jioni hii, awe mwenyekiti kwa maana kamili ya neno. Mgeni akibisha hodi, kigoda kipo.