DVD za Harusi na Stara ya Wenyewe



Vuta mtoto wa meza iliyobeba runinga katika nyumba nyingi za huku kwetu pwani, nawe utakuta urithi wa namna moja: DVD za harusi. Nyingine zimo katika makasha ya plastiki yenye picha ya bwana na bibi harusi waliozungukwa na maua, nyingine katika bahasha za karatasi zilizogeuka rangi, na kila moja imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: "Nikaha", "Kupamba, ya pili", "Vugo, nyumbani kwa mke". Kwetu zilikuwa 47. Nilizihesabu baada ya deki yetu, iliyotutumikia miaka na miaka, kukataa kabisa kufunguka. Fundi aliivua kifuniko, akaipuliza vumbi, akanirudishia pamoja na pole. Runinga mpya haina pa kutilia DVD. Kipakatalishi cha mwanangu nacho hakina. Basi nyuso na sauti za wazee wetu, ambao wengi wao wametangulia mbele ya haki, zilikuwa mle mezani na njia ya kuzifikia hatuna.

Wiki hiyo hiyo dada yangu aliyeolewa Muscat akanipigia simu. Bintiye anakaribia kuolewa, naye ataka kumwonyesha kupamba kwake mwenyewe, mwaka 2005, na jinsi marehemu bibi yetu alivyokuwa akiongoza vugo siku ile. "Itie kwenye flashi, kisha unitumie," akasema, kana kwamba ni kazi ya kumimina chai.

Niliichukua DVD ile hadi duka moja mjini linalofanya kazi hiyo. Kijana wa dukani, mwenye adabu zake, aliitia kwenye kompyuta ahakikishe kama yasomeka, na kompyuta ile ilikuwa imeunganishwa na kioo kikubwa kilichoelekea barabarani. Kwa muda wa kama dakika moja wapita njia waliwaona mama zetu na dada zetu bila buibui, asumini vichwani, wakicheza katika ukumbi ambao siku ile hata mtoto wa kiume wa miaka kumi hakuruhusiwa kuingia. Nilimsihi azime. Aliomba radhi kwa dhati, wala simlaumu sana. Kwake ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Nilirudi nyumbani na DVD yangu mkobani, nikiwaza. Ile DVD ilikuwa na stara yake. Mtu hakuweza kuitazama ila awe nayo mkononi, na ili awe nayo mkononi sharti apite kwa mwenye nyumba. Faili haina mlango huo. Ikishatoka mara moja kwenye simu moja, hakuna ajuaye itakakolala.

Nikaazimia mambo mawili: kazi nitaifanya nyumbani, na kabla ya kuigawa, tutakubaliana nani ashike nini.

Kuiacha kazi yenyewe haiwezekani. DVD ya filamu iliyotoka kiwandani, alama zake zimegandamizwa katika plastiki. Hizi zetu za harusi alama zake zimechomwa kwa mwale wa leza juu ya tabaka jembamba la rangi ya kikemia, na rangi hiyo huchakaa kwa joto, kwa mwanga na kwa unyevu. Sina haja ya kumweleza mtu wa Mombasa au Lamu kuhusu unyevu. Isitoshe, DVD moja, yenye unene wa milimita 1.2, ni vipande viwili vya milimita 0.6 vilivyogandishwa kwa gundi, na gundi ikiachia ukingoni, hewa huingia na kula kile kitando king'aacho. Ukiona doa la shaba au la kijivu likitambaa kutoka pembeni, DVD hiyo ifanyie kazi leo.

Vifaa havikuwa vingi. Nilinunua kifaa chembamba cha kusomea DVD kinachochomekwa kwenye tundu la USB, na diski ya nje ya kuhifadhia. DVD ya kawaida ya harusi hubeba gigabaiti 4.7, hivyo zote 47 zikijaa pomoni hazizidi gigabaiti 221. Diski ya gigabaiti 500 yatosha na kubaki. Programu nilizotumia ni mbili, nazo sikuzilipia: MakeMKV na HandBrake.

Kwanza ni kuisafisha. Tumia kitambaa laini cha pamba chenye maji kidogo, na ufute kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Wengi wetu huifuta kwa kuzungusha kama sahani ya chakula, na hapo ndipo huharibika, kwa kuwa alama za DVD nazo zimepangwa kwa kuzunguka. Mkwaruzo wa mviringo hufuata njia yenyewe na kufuta sehemu ndefu, ilhali mkwaruzo uliokatiza hugusa kidogo tu kila mahali.

MakeMKV huitoa video ndani ya DVD kama ilivyo, bila kuipunguza ubora. DVD nzima ilinichukua muda wa kukaanga mahamri ya chai ya asubuhi; zenye mikwaruzo zilikesha. Faili inayotoka hapo ndiyo asili, nayo isifutwe. Kisha HandBrake huipokea asili hiyo na kutoa faili nyingine ya aina ya MP4, nyepesi zaidi, ambayo runinga nyingi za sasa huisoma moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Katika orodha ya mipangilio chagua ile ya 576p25, kwa sababu video za huku kwetu zilirekodiwa kwa mistari 576 na picha 25 kwa sekunde. Usitamani 1080. Ubora ambao kamera ya mwaka ule haikuupata hauwezi kuongezwa leo. Utakuza faili bure. Na ukiona mikono ya wachezaji ina mistari kama meno ya chanuo kila wanapoitikisa, hiyo ni alama ya namna kamera za zamani zilivyogawa picha kwa zamu; HandBrake ina kichujio cha kuiondoa.

Jambo dogo lililonipotezea jioni nzima: flashi ilikuwa na nafasi tele lakini ilikataa faili moja kubwa ikidai imejaa. Flashi nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi gigabaiti 4. MP4 iliyopunguzwa hukuepusha na adha hiyo.

Arubaini zilisoma bila tabu. Nne zilikataa kwenye kifaa changu, zikakubali kwenye kompyuta kuukuu ya shemeji, maana kila kifaa kina jicho lake. Moja ilionekana tupu kabisa, kumbe ilirekodiwa na kamera ya nyumbani isemwayo kuandika moja kwa moja kwenye DVD, na aliyeirekodi hakuifunga alipomaliza. DVD isiyofungwa aghalabu husomwa na kamera iliyoirekodi tu. Tuliitafuta kamera ile, tukaipata kwa binamu ikiwa ndani ya kasha la viatu, ikafungwa, ikasoma. Mbili zimekufa. Kabla hujakata tamaa kwa zilizokufa, kumbuka kuwa harusi ina pande mbili: mpiga video aghalabu alitoa nakala kwa watu wa mke na kwa watu wa mume. Moja ya zile zetu mbili nimeipata kwa wakwe, haina hata doa.

Zile DVD za filamu za Kihindi na za mawaidha tulizozinunua madukani sikuzigusa. Zina wenyewe na zina haki zao.

Sasa nirudi kwenye stara, ambayo ndiyo iliyonikosesha usingizi. Nilizigawa faili mafungu mawili. Nikaha msikitini, kirumbizi cha vijana, maulidi ya wanaume na watoto wakigombania halua ziliingia kwenye flashi ya sebuleni. Hiyo yeyote aichomeke. Za wanawake zote zimo kwenye diski ya nje, ndani ya sehemu iliyofungwa kwa nenosiri kwa programu iitwayo VeraCrypt. Anayeichomeka diski hiyo bila nenosiri haoni kitu. Onyo lake ni kwamba nenosiri likipotea hakuna fundi wa kulirudisha, kwa hivyo tumeliandika karatasini na kuliweka pamoja na hati za nyumba. Nakala ya pili ya diski iko kwa dada yetu mkubwa, nyumba nyingine kabisa, kwa kuwa moto na wezi hawabishi hodi. Na tumekubaliana kuwa hakuna kipande cha wanawake kitakachopitia WhatsApp, hata cha sekunde kumi. Msinione mkali. Video ikiingia kwenye simu, mara nyingi hujipanga yenyewe pamoja na picha nyingine. Mwenye simu anamwonyesha rafikiye picha za samaki alionunua, anateleza kidole, na huyo hapo mama wa mtu yuko ukumbini.

Tulikaa na mama siku tatu baada ya Alasiri, mimi nikiwa na daftari. Yeye alitazama, akataja: huyu ni wa Kibokoni, huyu alikuwa somo wa bibi yako, huyu ndiye aliyeshona ile nguo ya kijani. Kila faili nikaipa jina lenye mwaka, shughuli na upande, mfano "2005-kupamba-wanawake-1", na daftarini nikaandika dakika na majina. Kuna nyuso mama hakuzitambua tena. Mtu pekee aliyekuwa akizijua alikuwa bibi mwenyewe, naye yumo katika picha hiyo hiyo akipiga pembe ya vugo, hawezi kuulizwa.

Kisha nikawapigia simu wanaoonekana zaidi katika ile video ya kupamba, nikiwaeleza kuwa yaelekea Muscat. Kwa waliofariki tuliuliza mabinti zao. Wengi walicheka, wakaniombea dua. Shangazi yangu hakucheka. Siku ile ya harusi alikuwa na miaka arubaini, na hakuna aliyecheza chakacha kumshinda. "Mwanangu," akaniambia, "mimi sasa ni mtu mwingine. Nikate."

Dada yangu alipopata habari alinuna. Kwake yeye, harusi bila shangazi ilikuwa nusu harusi. Nilimwambia kuwa harusi ni yake, lakini mwili ni wa shangazi, na hakujibu. Kukata si kazi ngumu. Ipo programu iitwayo LosslessCut ambayo hukata bila kuharibu ubora, ingawa video za DVD huikubalisha kukata kwa kusogea kama nusu sekunde huku au huko. Ugumu ulikuwa katika dakika nne za mwisho. Hapo bibi anaongoza vugo, na shangazi amesimama ubavuni pake, bega kwa bega, kamera haijawatenganisha hata mara moja. Kumwondoa mmoja ni kumwondoa mwingine, na hatuna picha nyingine ya bibi akiimba.

Sikuona haki kuamua peke yangu. Nilimwalika shangazi, nikafunga mlango, nikamchezea hizo dakika nne. Alipomsikia mamake, aliweka mkono kinywani. Aliomba irudishwe. Ikarudishwa mara tatu. Mwisho akafuta macho kwa leso na kutoa hukumu yake: chakacha yote ikatwe, isionekane hata kwa watoto wake, zile dakika nne zibaki, lakini ziende Muscat mkononi mwa mtu wetu, na akifika azikabidhi kwa dada yangu mwenyewe.

Dada yangu alikubali, baada ya siku mbili. Mke wa binamu anasafiri mwezi ujao na flashi iliyofungwa kwa nenosiri, na nenosiri nitalisema kwa mdomo.

Shangazi alipokuwa akiaga, alisimama mlangoni kidogo, akauliza kama ile chakacha iliyokatwa nimeifuta. Nikamwambia bado. "Basi nitilie yangu," akasema. Niliitia kwenye flashi ndogo kuliko kidole. Akaipokea, akaifunga katika pembe ya leso yake kwa fundo mbili, akavaa buibui juu yake, akaenda zake.