Jeni Imewashwa Wapi? Majibu kwa Madai Matano Kuhusu Homoni za Uzazi

Habari za homoni zimejaa midomoni mwa watu: kwenye maduka ya dawa, kwenye makundi ya WhatsApp ya kina mama, kwa wafugaji wanaosubiri ng'ombe ashike mimba. Nyingi zina kasoro moja. Zinachukulia kwamba jeni ikiwapo mwilini basi kazi yake inafanyika popote. Karibu kila seli yetu inazo jeni zote za homoni za uzazi, lakini ni seli chache tu huzitumia, tena kwa wakati wake. Anayetaka kuelewa utasa, mimba au hata kipimo cha mkojo aulize kwanza: jeni imewashwa wapi, lini, na kwa amri ya nani?

Dai la kwanza: Homoni ya mimba hutoka kwenye ubongo

Waliowahi kuamini hivi hawakuwa watu wadogo. Selmar Aschheim na Bernhard Zondek, waliobuni kipimo cha mimba mjini Berlin miaka ya 1920, walidhani kitu walichokikuta kwenye mkojo wa wajawazito kinatoka kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Mwaka 1938, huko Marekani, George Gey, Georgeanna Seegar na Louis Hellman walionyesha kwamba seli za kondo la nyuma zilizokuzwa maabara, nje ya mwili, huitengeneza homoni hiyo zenyewe. Leo tunaiita hCG. Huifanya ovari iendelee kutoa projesteroni ili hedhi isije na mimba isitoke.

Dai la pili: hCG haina undugu na homoni za pituitari

Ni ndugu wa damu. LH, FSH na TSH, ambazo ni homoni za pituitari, pamoja na hCG, kila moja imeundwa kwa vipande viwili vya protini, alfa na beta. Alfa ya zote nne hutoka kwenye jeni moja. Beta ndiyo inayozitofautisha. Hata beta ya hCG ilitokana na jeni ya beta ya LH iliyojinakili kwa mababu wa jamii yetu ya nyani na binadamu, na mpaka leo jeni hizo zimepangana kwenye kromosomu ya 19. Ndiyo maana sindano ya hCG inaweza kuchukua nafasi ya LH na kulipevusha yai, na ndiyo maana vipimo vya mimba hutafuta beta. Vingetafuta alfa peke yake, visingeweza kumtofautisha mjamzito na asiye mjamzito.

Dai la tatu: Kipimo cha dukani kinafaa hata kwa ng'ombe

Hakifai, kwa sababu kondo la ng'ombe halitengenezi homoni ya namna hiyo. Jeni ya alfa anayo, na pituitari yake huitumia kutengeneza LH na FSH. Anachokosa ni njia ya kuiwasha kwenye kondo.

Kwa binadamu, mbele ya jeni hiyo kuna kipande cha DNA chenye herufi nane, TGACGTCA, kilichojirudia mara mbili. Protini iitwayo CREB hukishika, na ikishirikiana na protini nyingine zinazokaa jirani, jeni huwaka kwenye kondo. Kwa ng'ombe herufi ya nne imebadilika: TGATGTCA. CREB haikishiki tena. Jaribio lililochapishwa mwaka 1989 lilitumia panya waliopandikizwa DNA inayotangulia jeni hiyo. Ile ya binadamu iliwasha jeni kwenye pituitari na kwenye kondo la panya. Ile ya ng'ombe iliwasha kwenye pituitari tu.

Wako wanaosema DNA iliyo nje ya jeni ni takataka. Herufi hiyo moja inatosha kuwajibu.

Farasi naye ana homoni ya kondo, ila aliifikia kwa njia yake. Karibu siku ya 36 ya mimba, seli za upande wa mtoto hupenya ukuta wa mji wa mimba na kuunda vikombe vidogo vinavyomwaga homoni kwenye damu ya mama hadi siku ya 120 hivi. Beta yake hutoka kwenye jeni ile ile inayotengeneza LH ya pituitari, bila nakala ya pili. Ng'ombe hana homoni ya namna hiyo, basi mfugaji wake amwite daktari wa mifugo apime kwa mkono au kwa ultrasaundi.

Dai la nne: Homoni ikipungua, dawa ni kuongeza bila kukatiza

Pituitari huwasha jeni za LH na FSH kwa amri ya GnRH, homoni inayotoka haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu ya pituitari. Mwaka 1978 kundi la Ernst Knobil liliwapa GnRH tumbili wa rhesus ambao haipothalamasi zao zilikuwa zimeharibiwa. Walipoipata kwa dakika 6 kila saa, LH na FSH zilirudi. Walipoipata mfululizo, zilianguka. Hata kasi ya mdundo ina maana yake: wa haraka huipendelea jeni ya beta ya LH, wa polepole ile ya FSH.

Madaktari huitumia siri hii makusudi. Dawa zinazoiga GnRH bila kukatika huzima homoni za uzazi kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume na kwa watoto wanaobalehe mapema mno. Inaniuma kuona mwanamke anayetafuta mtoto akiuziwa "dawa ya kuongeza homoni" bila kupimwa. Anaweza kuzidishiwa kile kile kinachomzuia.

Dai la tano: Mistari miwili ni mimba, basi

Mara nyingi ni mimba. Lakini kipimo kinasema tu kwamba hCG ipo. Hakisemi ni seli zipi zimeitoa. Mimba zabibu, ile ambayo kondo hukua isivyo kawaida, huitoa kwa wingi, na saratani ya seli za kondo vilevile. Baadhi ya uvimbe wa korodani huiwasha jeni ya hCG kwa mwanamume. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, estrojeni hushuka, GnRH huongezeka, na pituitari yenyewe hutoa hCG kidogo inayoweza kuonekana kwenye kipimo cha damu. Daktari asiyelijua hili anaweza kumtibu saratani asiyo nayo.

Kwa hiyo mama aliyesafishwa mimba zabibu arudi kupimwa hCG mpaka iishe, hata akijiona mzima, maana seli zilizobaki huitoa kabla ya dalili yoyote. Na mwanamume aliyejaribu kijiti kwa mzaha akaona mistari miwili asikitupe akanyamaza. Aende hospitali wiki hiyo hiyo.