Tazama Vichwa vya Safu Kabla ya Kuandika



Siku hizi majina ya watu wetu yamo katika kompyuta kila mahali: shuleni, zahanati, katika chama cha ushirika, hata katika ofisi za parokia. Wengi hudhani kompyuta haikosei. Sivyo. Kompyuta ni daftari, na safu zake zimepigwa na mtu. Zikipigwa vibaya, jina la mtoto wako litaharibika, hata karani awe hodari namna gani.

Tazameni daftari la ubatizo. Kanuni 877 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yataka yaandikwe jina la mbatizwa, mhudumu, wazazi, wasimamizi, mahali na siku ya ubatizo, pamoja na mahali na siku ya kuzaliwa. Ukilifungua, wasoma kwanza vichwa vya safu. Ndipo ujuapo kama tarehe uionayo ni ya kuzaliwa au ya kubatizwa.

Kompyuta nayo ni vivyo hivyo. Mwaka 1970 Mwingereza Edgar Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alieleza njia ya kuweka habari katika majedwali yenye safu. Lakini karani huona fomu tu. Safu zenyewe zimefichika nyuma yake. Kwa hiyo iko amri ya kuziuliza. Katika programu iitwayo MySQL, mtunzaji huandika neno DESCRIBE na jina la jedwali, mara huletewa orodha ya safu zote. Amri hiyo haibadilishi neno hata moja. Basi na aangalie mambo manne.

Kwanza, jina la safu. Kwa Wanyamwanga, baba akiitwa Simukonda, binti yake huitwa Namukonda. Jedwali likichukua ukoo wa mtoto katika safu ya baba, binti atapewa jina la kiume. Kila mmoja awe na safu yake.

Pili, aina yake: ni ya maneno, ya namba, au ya tarehe? Namba ya simu huanza na sifuri. Ukiiweka katika safu ya namba, sifuri hiyo hutoweka. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20. Ukiiandika kama namba katika Excel, hushikwa 15 za mwanzo tu, na tano za mwisho hugeuka sifuri. Namba hizi hazijumlishwi wala kutolewa; ziwekwe katika safu ya maneno.

Tatu, je, safu yaweza kuachwa wazi? Ikiwa jina la baba ni lazima, mama anayelea peke yake atafanyaje? Ama karani atabuni jina, ama mtoto atarudishwa nyumbani bila kuandikwa. Yote mawili ni dhuluma.

Nne, ufunguo, yaani safu inayomtenga mtu mmoja na mwingine. Akina Maria ni wengi, wa Tunduma na wa Nakonde ng'ambo ya mpaka. Ufunguo usiwe jina, bali namba isiyorudiwa.

Nanyi wazazi, msiseme hayo ni ya mafundi. Mtoto wenu anapoandikwa, mwombeni karani awasomee kila safu na yaliyoandikwa ndani yake, kabla hamjatia sahihi. Mkiona kosa, lisahihishwe siku hiyo hiyo. Kosa dogo la leo huja kuonekana baada ya miaka ishirini, kijana atakapotaka cheti cha ubatizo apate kufunga ndoa, na mashahidi wamekwisha kufa.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lenye safu mbovu hupoteza vilevile, huku mwenyewe akidhani limehifadhiwa.