Uwanja Wetu Uandikiwe Habari Zake

Katika shule ya Rugby, Uingereza, upo uwanja uitwao The Close, na kando yake pana jiwe la kumsifu mwanafunzi William Webb Ellis. Husemwa kwamba mwaka 1823 aliukamata mpira akakimbia nao, mchezo wa ragbi ukazaliwa. Lakini habari hiyo ilitangazwa mwaka 1876, Ellis amekwisha kufa, na mtu ambaye hakuiona. Mwaka 1895 wanafunzi wa zamani walifanya uchunguzi, wasipate hata shahidi mmoja wa macho. Lenye hakika ni hili: mwaka 1845 wanafunzi wenyewe waliandika sheria za mchezo wao, na hata leo zasomeka.

Je, sisi? Nani walifyeka pori tukapata uwanja? Matofali ya banda la wachezaji yalichomwa na nani? Ninyi kaka zetu mliotutangulia mwajua, lakini hamkuandika. Si haki kutuachia hadithi tupu. Tuleteeni barua kabla hamjasahau. Nasi tulio shuleni tuweke daftari bandani, kila mechi iandikwe siku ile ile. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.