Heshima Isiyo na Majina



Kila tarehe 25 Julai taifa letu la Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa. Mkuki, ngao na shada la maua huwekwa mnarani, viongozi wa dini husali, kisha watu hutawanyika. Siku hiyohiyo Kanisa husherehekea sikukuu ya Mtume Yakobo, na Injili yake yamsimulia mama aliyewaombea wanawe viti vya fahari, naye Bwana akawauliza kama wataweza kukinywea kikombe chake. Twasema bila kuficha: katika kuwakumbuka askari wetu waliokufa, tumevipenda viti kuliko kikombe.

Wapo Wakristo wasemao kwamba askari ni mtu wa damu, na kwamba kumwombea hadharani ni kuubariki upanga. Wapo na wengine, wenye sauti kubwa zaidi, wadaio kwamba afaye kwa ajili ya nchi amekwisha kutakaswa na bendera, na kwamba kuhoji vita vyake ni kumtukana. Pande zote mbili twazipinga.

Jibu limo katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Yuda Makabayo alipokwenda kuwazika wenzake waliouawa vitani, alikuta hirizi za miungu ya kigeni chini ya mavazi yao. Kosa lao hakulificha, wala wao hakuwatupa. Alichangisha fedha, akazipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili yao. Kama angewahesabu kuwa watakatifu, asingewaombea. Kama angewahesabu kuwa wamelaaniwa, asingechangisha. Aliwapenda pamoja na ukweli wao.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulimwita askari atimizaye wajibu wake vema mtumishi wa usalama na uhuru wa watu. Hati hiyohiyo ililaani vikali vita vya kuteketeza miji mizima pamoja na wakazi wake. Asomaye nusu moja tu ya mafundisho hayo ajidanganya.

Tarehe 2 Novemba 1978, siku ya Marehemu Wote, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin yaliyoivamia Kagera. Wengi wa waliokufa wamelala Kaboya, wilayani Muleba. Wamo na waliolala Naliendele, Mtwara, waliokufa katika ukombozi wa Msumbiji. Tarehe 7 Desemba 2017 askari wetu wasiopungua 14 waliuawa mashariki mwa Kongo wakilinda amani ya jirani. Kuwaheshimu hawa si ibada ya sanamu. Ibada ya sanamu ni kuitumia mifupa yao kuvipamba vyeo vya walio hai.

Na tutazame Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927. Maandishi yake huwaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Lakini juu yake hakuna jina hata moja. Mabwana wa vita vile vya 1914 hadi 1918, Waingereza na Wajerumani, waliwatwika babu zetu mizigo, nao wakafa kwa njaa na maradhi njiani. Kariakoo, tunapokwenda kununua mchele, imepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi, kamati yake ilipobaini kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Tusiwanyoshee wageni kidole huku sisi tukitenda vivyo hivyo. Ni parokia ngapi zijuazo majina ya askari wake waliokufa? Ni jumuiya ndogondogo ngapi zimwendeaye mjane wa askari baada ya arobaini?

Basi kila jumuiya iandike majina hayo, na yasomwe katika Misa mwezi wa Novemba. Wajane na yatima wasaidiwe kudai haki zao. Na mtu yeyote atakapotaka kuwapeleka tena vijana wetu vitani, tumwulize kwanza sababu. Swali hilo twawadai waliolala Kaboya, na ni sehemu ya sala yetu kwao.