Teknolojia Haihami Kama Gunia

Mkubwa wangu anafanya kazi katika kiwanda cha kobalti huko Kolwezi. Amekaa miaka mitatu mbele ya mashine moja. Anajua kwamba kifungo cha kijani kinaiwasha na chekundu kinaizima. Nilipomuuliza mashine hiyo inafanya nini ndani, alicheka: "Mdogo wangu, kitabu chake kimeandikwa Kichina na Kiingereza. Ikiharibika, tunangoja fundi kutoka ng'ambo."

Nakumbuka jibu hilo kila ninaposikia kwamba watengenezaji wa magari ya umeme watatuletea teknolojia. Nchi yetu hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Aprili 2022 serikali yetu na ile ya Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza batri pamoja, na mwezi huohuo kituo cha utafiti wa batri kikazinduliwa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Ni hatua nzuri. Lakini kobalti yetu nyingi bado inaondoka ikiwa haijakamilika, na kusafishwa China.

Wengine husema tuige siasa ya China. Kweli, kwa miaka mingi China ililazimisha kampuni za kigeni za magari kuungana na za wenyeji, na mgeni hakuruhusiwa kupita nusu ya hisa. Kwa magari ya umeme sharti hilo liliondolewa 2018. Hata hivyo BYD, inayotamba leo, haikuzaliwa katika ndoa hizo. Ilianza 1995 kwa kutengeneza batri, ikaingia katika magari 2003. Kwa hiyo sharti la serikali peke yake halitoshi. Lazima wawepo watu wanaoelewa kilichomo ndani ya batri.

Sisi wanaisimu tuna neno la kusema hapa. Tunasema "kuhamisha teknolojia" kana kwamba ni gunia la kupakia kwenye lori. Ujuzi hupita kwa kuulizana na kujibizana, na mkubwa wangu hana lugha ya kumuuliza bwana fundi.

Naomba serikali iandike katika kila mkataba wa batri au wa magari kwamba mafunzo na vitabu vya mashine vitolewe pia kwa Kifaransa na kwa lugha za taifa. Kifungu cha kwanza cha Katiba kinataja Kiswahili kati ya lugha hizo nne, na kinaipa serikali kazi ya kuzikuza. Atakayesema Kiswahili hakina maneno hayo, aende kwa mafundi wa magari mtaani, asikilize wanavyotaja kila kipande cha injini.

Na sisi kitivoni? Mimi nimechagua msamiati wa mashine ya mkubwa wangu kuwa kazi yangu ya mwisho wa masomo. Natafuta wenzangu wawili, na mhadhiri mmoja atakayekubali kwenda nasi Kolwezi.