Hiyo "mara 525" kwa boksi ni mtego

Wasee, tuongee ukweli. Nilinunua darubini mtandaoni kwa elfu nane, pesa za kujinyima. Boksi lilisema inakuza mara 525. Nilichoona ni ukungu unaotetemeka. Miezi miwili nikadhani mimi ndiye mjinga.

Hesabu ni rahisi: kila milimita ya upana wa lenzi ya mbele hubeba ukuzaji wa kama mara mbili. Lenzi ya milimita 60 inaishia mara 120. Zingine ni porojo. Galileo aliona miezi minne ya Jupita mwaka 1610 na darubini ya kama mara 20 tu.

Kama mfuko ni mdogo, mimi nasema anza na bainokula za mtumba, 10x50. Egemeza viwiko ukutani. Utaona mashimo ya Mwezi, Kilimia, hata hiyo miezi ya Jupita. Jua usiliangalie nazo kamwe. Macho hayana spea.

Na hapa Kisii unajua mawingu yetu. Anga ikifunguka dakika ishirini, mwenye bainokula ashatoka nje. Mwenye darubini ya boksi bado anakaza skrubu.

Wewe ungeanza na gani?